Mrehani wa Mama na Kopo la Shemeji

Leo shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, amefyeka mrehani wa marehemu mama, halafu akasubiri nimwambie asante.

Eti anasafisha uwanja kwa ajili ya arobaini.

"Mrehani gani unafika kiunoni? Hilo ni pori, shemeji. Mrehani ni wa kwenye kopo, kama wangu kule Ngombezi."

Mtaalamu huyo!

Mbegu zake mama alizifunga kwenye pindo la khanga tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa. Kila asubuhi alichuma ncha, ndiyo maana ulitanuka vile. Tangu afariki sikuweza kuugusa, ukatoa maua, ukakomaza mbegu.

Mchana wazee wakaomba mrehani wa kuweka kaburini. Shemeji akakimbia kwake, akaleta kopo lake. Majani matano.

Bibi Mwanaidi, jirani yetu, akachungulia.

"Baba, huu wa kaburini au wa kutia kwenye chai?"

Watu walicheka, kwenye arobaini!

Nikaenda jalalani kuokota matawi ya mama. Yalijaza beseni, na yalikuwa yananukia bado.

Nyie mngemwambia nini?

Kaondoka, kopo kalisahau. Nimemwaga udongo, nikakung'utia humo mbegu za mama za kuhifadhi. Kupandia ni dogo.