Siku Baba Alipokunywa na Lohay

Nakumbuka siku ya kwanza nilipoona chuma kikikimbia. Usicheke, mwanangu. Kiwandani, chuma chakavu kikishayeyushwa tanurini na kukatwa vipande, hupashwa moto tena mpaka kiwe chekundu, kisha hupitishwa katikati ya roli kubwa zinazokibana na kukirefusha kiwe nondo. Kinatoka upande wa pili kwa kasi, na hapo ndipo tuliposimama sisi vibarua, tukikidaka kwa koleo ndefu na kukirudisha kwenye roli nyingine. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba hapa Getanuwas, nami nikaenda mjini kutafuta. Mkono mtupu haulambwi.

Kazi ile ilikuwa chafu, sikufichi. Tulitema mate meusi. Ukivua shati jioni, lilikuwa gumu kwa chumvi ya jasho, na hata ujisugue namna gani, asubuhi shuka lilikuwa na weusi wako. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, nami nadhani aliyeanza kusema hivyo aliwahi kushika koleo.

Sasa ikatokea nondo moja ikaruka nje ya njia yake, ikawa inajipinda sakafuni, nyekundu yote. Wenzangu wakarudi nyuma. Mimi nikakimbilia mbele! Nimekulia kwenye ng'ombe, mwanangu. Ndama akitoroka humfuati nyuma. Unamzunguka, unamkinga kwa mbele, naye anageuka. Miguu yangu iliamua kabla ya akili. Aliyeniokoa ni Lohay, mtu wa Tumati, wa kabila la wakulima, aliyenitangulia kwa umri na kwa kazi ile. Alinikamata mkanda wa suruali akanitupa nyuma, na ile nondo ikampitia yeye mkononi, kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja.

"Wewe mtoto wa ng'ombe!" alinifokea, uso umemkunjamana kwa maumivu. "Chuma hakina mama wa kumrudia. Kikija, kipishe!"

Wazee wake na wazee wangu zamani walinyang'anyana mifugo, na huyu ameungua kwa ajili yangu. Nililia siku ile, wala haikuwa kwa woga.

Kidonda kilipopona tukaomba ruhusa, nikamleta Lohay nyumbani ili baba amwone. Baba alikuwa ameandaa pombe ya asali na wazee wenzake wamekaa. Hapo uielewe desturi. Sisi watu wa ng'ombe hatukuwa tukinywa chombo kimoja na wahunzi, wala kuoana nao. Mkono uliozoea chuma na moto tuliuogopa kwamba una mkosi. Tulipokwisha kuwaamkia wazee shikamoo zao, mmoja wao, jirani yetu, akasema polepole kwamba vijana hawa wawili wameishi kwenye moto wa chuma, basi wapewe kibuyu chao wakae kando.

Sikuweza kuinua macho. Baba akikubali, mimi nimekuwa mgeni nyumbani kwetu, na Lohay ametukanwa mbele ya watu aliowaokolea mtoto. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kiwandani.

Baba hakuwa mtu wa haraka katika jambo lolote, hata kula. Alimwita Lohay asogee, akaushika ule mkono, akalitazama kovu.

"Huu ndio uliomvuta mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

Baba akawageukia wenzake. "Mkuki wangu ulifuliwa na mhunzi. Bangili za mama wa huyu kijana zimetoka kwa mhunzi, na kengele za ng'ombe wetu vilevile. Tumevaa kazi yao tangu tuzaliwe, halafu tunawanyima kibuyu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Leo mimi nitakunywa baada ya huyu."

Akampa Lohay kibuyu. Lohay akanywa. Baba akakipokea, hakukifuta mdomo, akanywa, kisha akanipa mimi. Mwishowe yule jirani naye akanyoosha mkono, akanywa.

Basi, mwanangu, wewe unayeona haya kupigwa picha ukiwa na ovaroli ya kazi yako mpya, nisikilize. Weusi wa kazi unatoka kwa maji na sabuni, hata kama ni kwa shida. Ukifika kwenye kazi ngeni, usiende na mazoea ya nyumbani. Muulize aliyetangulia, na akikufokea usinune, huenda amekuokoa. Ukiona nguzo ya zahanati au ya darasa, humo ndani mna nondo, na kuna mtu alitema mate meusi ili isimame. Mshukuru, hata kama humjui. Wala usikubali akalishwe kando mtu ambaye jasho lake linakusitiri, hata wazee wakikuambia ndiyo desturi. Baba yangu alikuwa mzee wa desturi kuliko wote pale, na ndiye aliyekataa.

Baba ametangulia. Lohay yupo Tumati, ana wajukuu, na hakuna mwaka ninaopitisha bila kwenda kumsalimu. Nina shukrani nyingi kuliko siku zilizonibakia za kuzisema.

Nenda salama. Nyasi ziote unapokanyaga, maziwa yasikauke nyumbani mwako, na Mungu akurudishe kila jioni ukiwa mzima, mchafu na mwenye vidole vyako vyote.