Taa Nyekundu kwenye Bodi ya Oraba

Yugu alianza kuogopa mashine za wenyewe mwaka 1978, akiwa fundi wa redio jeshini. Mwenzake Lemi alifungua redio ya ofisa mmoja bila ruhusa, akaitengeneza, ikasema vizuri. Kesho yake watu wawili wakaja kumchukua, na hakuna aliyemwona tena. Mwaka uliofuata serikali ikaanguka. Yugu akavuka kwa miguu kuingia Zaire, yeye na mama yake na mdogo wake wa kike aliyeitwa Afisa, wakakaa ukimbizini miaka saba. Mama hakurudi. Yugu aliporudi alifungua kibanda cha redio mjini Arua, na wateja wakampenda kwa sababu hakugusa kitu ambacho hakuambiwa aguse.

Aprili 1998, zahanati moja ya Oraba, kule mpakani, ikamwita. Friji yake ya chanjo ilitumia umeme wa jua, na iliongozwa na bodi, kibao cha umeme, aliyoiunda kwa mikono yake mhandisi mmoja mgeni. Huyo alikuwa ameondoka magari yalipoanza kushambuliwa na waasi barabarani. Sasa radi ilikuwa imeua chipu, ile akili ndogo ya bodi. Mhandisi aliacha chipu mbili mpya, tupu, pamoja na kompyuta kuukuu, disketi yenye programu, na kisanduku chenye waya sita cha kupitishia programu kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye chipu. Juu ya bodi alikuwa amebandika karatasi: usiongeze wala usiondoe chochote.

Yugu alifika Jumatatu kwa lori moja na chanjo ya surua, ikiwa ndani ya sanduku la barafu. Surua ilikuwa imeshaingia vijijini. Jioni ile lori jingine likachomwa nyuma yao, barabara ya Koboko, waliyopitia, ikafungwa.

Jumanne asubuhi akawasha jenereta, akachomeka kisanduku, akaiamuru kompyuta ipakie programu. Ikajibu kwamba haioni chipu. Akachomoa, akachomeka tena. Haioni. Akapima waya zote sita kwa mita, mmoja mmoja, akizikunja huku na huku asije akadanganywa na waya uliokatika ndani. Zote nzima. Akabadilisha chipu. Haioni.

Muuguzi Drateru, mama wa makamo kutoka Ayivu karibu na Arua, akaja kusimama mlangoni.

"Mzee Yugu, barafu itabaki mpaka Jumatano tu. Mimi natuma mutu ya baisikeli leo, watoto wakuje kesho, ama tunangoja friji?"

Yugu alijua watu walikuwa mashambani wakipanda, wakiitwa ghafla wangekuja nusu. Tena aliona haya kusema kwamba hajui.

"Ngoja, sista. Waambie Alhamisi. Friji itakuwa iko nafanya kazi."

Drateru akamtazama kidogo, kisha akaenda kutuma ujumbe wa Alhamisi.

Mchana ule ule Yugu akakiona kilichokuwa kikisumbua. Waya wa tatu, ulioipa chipu mapigo ya kufuata, ulikuwa na volti tano ukiwa peke yake. Ukigusa bodi tu, zinashuka hadi moja. Kuna kitu kilikuwa kinazinyonya. Akaifuata njia ya shaba kwa ncha ya sindano, ikampeleka kwenye taa ndogo nyekundu ya kuonya joto. Taa ile ilishiriki mguu mmoja na waya wa tatu. Ilitosha kuifungua kutoka kwenye bodi kwa muda na kuirudisha baadaye. Kazi ya dakika tano.

Akatia chuma cha kulehemu kwenye makaa, kikaiva. Akakishika juu ya bodi. Akaisoma karatasi ya mhandisi, akakirudisha chuma jikoni.

Jumatano nzima alihangaika na vitu visivyokuwa na kosa. Alisugua miguu ya chipu, akafupisha waya, akaisogeza kompyuta mbali na jenereta. Kila mara jibu likawa lile lile. Moyoni alijua anazunguka, na mikono ikakataa.

Alhamisi asubuhi uwanja ulijaa akina mama. Afisa alikuwemo. Alikuwa ameolewa kijiji cha jirani, na amemleta Kiden, binti yake wa miaka miwili, na mdogo wake wa miezi saba mgongoni. Drateru akafungua sanduku, akatoa kipimajoto, akakaa nacho mkononi.

"Digrii kumi na tisa," akamwambia Yugu kwa sauti ya chini. "Hii dawa imekufa. Siwezi kuchoma watoto maji."

Akatoka kuwaambia. Yugu akasikia minong'ono, kisha miguu ikiondoka. Ndipo alipochukua chuma na kuifungua taa. Akaamuru kompyuta. Ikaiona chipu mara moja, programu ikaingia. Alipokwisha kuirudisha taa, friji ikaanza kunguruma, tupu.

Kiden alipata vipele vya surua wiki ya pili baada ya siku ile, akafa kabla ya wiki ya tatu kwisha. Yugu alikwenda matangani, akakaa karibu na dada yake.

"Kosa niliona Jumanne," akasema. "Niliogopa kufungua. Tena ni mimi niliambia sista angoje."

Afisa alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Ulikuwa unaogopa nani, kaka? Pale ulikuwa na nani?"

Afisa akaendelea kuchambua, kisha akamwomba kaka yake awapishe wanawake.

Barabara ilifunguliwa Juni, chanjo mpya ikaja. Yugu hakurudi Arua. Drateru alimwomba akae kuangalia friji, na yeye hakuwa na hamu tena na kibanda. Siku ya kuchoma sindano alikaa mlangoni akisoma kipimajoto: digrii tano. Afisa akaja na mtoto wake mdogo, akapanga mstari na wenzake. Mtoto akachomwa, akalia, akanyonyeshwa. Afisa alipopita mlangoni, Yugu alisimama amsalimu. Afisa alirekebisha kanga ya mtoto, akapita, akashika njia ya nyumbani.