Siku Mbili za Ububu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa waja wake ndimi nyingi na anayezielewa zote, hata ulimi wa mtoto anayetetemeka bila kusema neno.

Juzi nilipita soko la Oli mvua ikiwa imetoka kunyesha, nikanusa tumbaku iliyolowa. Nikasimama pale pale. Mjukuu wangu alidhani ni uzee, akanishika mkono. Haukuwa uzee. Nawaambia ninyi kisa chenyewe.

Nilikuwa na miaka minane. Serikali ilikuwa imebadilika, na familia za askari wa zamani zilikuwa zikisakwa. Baba yangu, Mkakwa wa Koboko, alikuwa askari. Hatukujua alipo, wala kama yu hai. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Nilizaliwa na kukulia kambini, mbali na kwetu, kwa hiyo nilijua lugha moja tu, Kiswahili. Na milimani siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Aliyekisema alikuwa askari, au wa askari.

Barabara ya kwenda Koboko ilikuwa na vizuizi. Shangazi Zaitun, aliyekuwa akinilea, akaamua tupite vilimani, upande wa mpaka wa Kongo, mpaka tufike kwa bibi yangu huko Lobule, karibu na Koboko. Yeye alikijua vizuri Kilugbara, lugha ya watu wa vilima vile. Tulipokiacha kijiji cha Dadamu nyuma yetu, alichuchumaa mbele yangu.

"Kuanzia hapa wewe ni bubu. Ukifungua kinywa, tumekwisha. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Akanichapa kofi dogo mdomoni. "Na bubu gani huyu anajibu?"

Tulipanda. Njia ilikuwa nyembamba, mawe yakiteleza chini ya miguu, nyani wakitubwekea kutoka majabalini. Kila nilipojikwaa niliuma ulimi nisije nikalia kwa Kiswahili. Siku ya kwanza alitupokea mama mmoja mjane. Alinionea huruma kwa ububu wangu, akaniwekea kipande cha samaki kikubwa kuliko cha mwanawe. Nilikila huku nimeinamisha uso kwa aibu.

Siku ya pili, jua halijazama, tulifika kwa mzee mmoja na mkewe, juu kabisa ya mlima. Tumbaku ilikuwa imetundikwa kwenye fito chini ya paa, imeshuka hadi kugusa vichwa vyetu, na harufu yake ilinikaba koo. Shangazi aliwaeleza kwa lugha yao kwamba tunakwenda matangani. Mke wa mzee akatupa maji. Mzee alikaa kwenye mkeka, kiko mdomoni, hakututazama sana. Mimi nilikaa karibu na mlango nikihesabu vidole vyangu vya miguu.

Ndipo yule mzee, bila kuinua macho, akasema, "Funga mulango, mutoto. Baridi iko naingia."

Mtoto wa kambini haambiwi mara mbili. Nilikuwa nimekwisha kuinuka na kuufunga kabla sijajua nilichofanya.

Midomo ya shangazi ilikuwa ikitikisika; nilijua anasoma aya. Mzee akatoa kiko mdomoni.

"Kumbe bubu iko nasikia Kiswahili," alisema. "Baba yako iko wapi?"

Nilihisi joto likishuka mapajani, na mkojo wangu ukatiririka juu ya sakafu ile iliyokuwa imetoka kusilibwa. Mke wa mzee akautazama mkojo, akamtazama mumewe, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Mzee, wapelelezi gani hawa? Huyu naogopa kupita sisi!"

Juu, ndani ya tumbaku, mtu akakohoa.

"Shuka, mwanangu," mama yule akaita, sasa analia. "Shuka salimia ndugu zako."

Alikuwa mwana wao. Naye alikuwa askari wa jeshi lile lile la baba yangu, na alikuwa amelala juu ya fito zile wiki mbili, haoni jua. Alishuka amejaa vumbi la tumbaku hadi kwenye kope. Akaniuliza kwa Kiswahili safi cha kambini, "Wewe ni wa kambi gani, mdogo wangu?"

Nilimtazama shangazi. Akaitikia kwa kichwa. Basi nikasema, maneno ya siku mbili yakatoka yote kwa pamoja, mpaka mzee akaomba nirudishiwe ububu wangu.

Asubuhi mzee alitusindikiza hadi tukaiona Lobule chini yetu. "Kwaheri, bubu," akaniambia.

Miaka mingi baadaye, shangazi akiwa mgonjwa, ndipo aliponiambia jambo ambalo sikuliona. Hapakuwa na baridi jioni ile. Mzee alikuwa ametushuku tangu tulipobisha hodi, na aliposema mlango ufungwe, mkono wake ulikuwa chini ya mkeka, umeshika panga. Nilikuwa nimeihesabu nyumba ile kuwa mahali nilipoogopa kuliko pote duniani. Sikujua kwamba waliokuwamo walituogopa zaidi, sisi mwanamke na mtoto. Kwa miaka mingi niliuonea haya ule mkojo. Siku hizi, nikimaliza kuswali, humshukuru Mungu kwa ajili yake, maana ndio uliosema ukweli pale ambapo sisi sote tulikuwa tunaficha.

Ewe unayesoma, Mola akupe mlango wa kufunguliwa siku utakapokuwa mgeni. Na siku mgeni atakapoingia kwako, Mola auzuie mkono wako mpaka utakapomjua. Amina.