Mbwa wa Babu Chini ya Dirisha

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Tabata, mbwa mmoja na bunduki ya babu. Babu alikuwa mwindaji wa kanga na kwale kule Singida. Bunduki alikuwa anaipakaga mafuta ya mkia wa kondoo, na mbwa wake wote, mama hadi mtoto, hadi huyu wetu, walijua jambo moja: wakisikia harufu ile, hakuna kubweka. Mguu mmoja juu, pua mbele, kimya, wanangoja ndege.

Kibali cha kuimiliki kilikuwa cha baba, na baba hayupo, kwa hiyo ilitakiwa irudishwe. Kaka yangu, ninayeishi naye humo humo, akasema ameshaipeleka polisi. Nikamuuliza kituo gani. Akasema kituo ni kituo. Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Wiki ileile mbwa akaanza mambo yake. Kila jioni anakwenda chini ya dirisha la chumba cha mwanangu, ananyanyua mguu, ananyamaza. Nikadhani nyoka. Nikafyeka majani yote, nikamwaga mafuta ya taa. Mbwa palepale. Kaka akacheka, eti anamlinda mpwa wake.

Anamlinda wapi? Mwizi alibeba sufuria zetu uani na mbwa huyohuyo akamtingishia mkia.

Nikaingia chumbani, nikainua godoro. Harufu ya kondoo ilinipiga kabla sijaona kitu. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya chaga, imeviringishwa kwenye turubai, risasi ziko kwenye soksi pembeni. Na mafuta yalikuwa mabichi. Yaani kaka alikuwa anaingia mle kuipaka, halafu anamlaza mwanangu juu yake.

Nilimtoa mtoto nje, nikafunga mlango, ufunguo nikautia kwenye sidiria.

Kaka aliporudi hakukana. Alisema kitanda cha mtoto ndipo mahali ambapo hakuna mtu anayepekua. Kisha akaniambia, "Bunduki ya babu haiwekwi polisi kama baiskeli ya wizi, mdogo wangu. Ukiwaita, umeuza ukoo."

"Nimeshawaita, kaka. Kaa uwasubiri."

Walipoitoa, mbwa aliifuata hadi getini, akasimama mguu juu mpaka gari likapotea. Kaka naye walimchukua. Alirudi baada ya siku kadhaa, na hadi leo hanisalimii. Sawa tu.

Ila siku mojamoja mbwa bado anakwenda pale dirishani. Kaka anawaambia watu ni harufu tu imebaki. Mie naacha chochote nilichoshika, nakwenda kuinua godoro.