Githeri Chini ya Mcheri

Nakiri: nilibeba sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyonukia dania, pamoja na leso nzuri ya mama, nikaitandika chini ya mcheri mbele ya fleti zetu huku ughaibuni, Northfield, nikisubiri matunda yake, cheri, yaanguke. Nilikuwa na miaka sita. Sikujua mti ule huishia maua tu. Juzi nimeona picha za mji wa bandari wa Kobe, Japani: watu wazima wamekaa vilevile chini ya micheri, wakila, na wanasifiwa! Mimi jirani mmoja mzungu alinifokea, "Ondoka, hapa si hotelini!" Nikakataa katakata, nikaendelea kutafuna, maua yakidondokea maharagwe.

Mama, aliyetuonya kila siku tusimwaibishe mbele ya wazungu, akatoka na sare yake ya unesi. Nikafumba macho nikingoja kofi, kisha nikachungulia. Mama akamtazama jirani, akavua viatu, akaniinamia mimi.

"Sogea huko, baba, nami nile."