Begi Jekundu Ndani ya Boksi

Nilitoka Newala na gari la alfajiri, nikanawa uso stendi, nikafika shuleni Rahaleo kabla ya wazazi wengine. Watoto walikuwa wametolewa nje wacheze. Mwalimu alinionyesha dawati la binti yangu nikakaa, magoti yakikaribia kidevu. Kikao kilikuwa na jambo moja: sherehe ya sikukuu na kupeana zawadi darasani, iendelee au ikome?

Nilikuja kuitetea. Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba, leo Masasi, kesho Tunduru, na hata kazi ikiwa nzuri miguu huanza kuniwasha, nataka kuhama. Mwanangu anaishi kwa bibi yake mzaa mama, na mlango ule mimi sipiti. Siku ya sherehe, shule inapokaribia kufungwa Desemba, ndiyo siku pekee niliyoweza kukaa naye bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka jana tulikula pilau sahani moja. Nikamkabidhi mwalimu begi jekundu la kuburuta, zawadi ya mwanangu, nikakimbilia basi kabla zawadi hazijatolewa. Baadaye nilimpigia mwanangu simu.

"Begi umeliona?"

"Nimeliona, baba. Zuri."

Neno hilo nilizunguka nalo mwaka mzima.

Mzee mmoja mwenye kofia, mkulima wa korosho, alisimama kwanza. "Idi yangu naisherehekea nyumbani. Na mti wa Krismasi sitaki mjukuu wangu aupambe darasani. Hapa aje asome."

"Mzee wangu," akadakia baba mmoja wa bandarini, "pilau yenu ya Idi naila mwaka wa tatu huu, na sijasilimu!"

"Subiri sahani ya nne."

Watu wakacheka, hata mzee mwenyewe. Nami nilicheka, nikajiandaa kusema.

Mama aliyekaa mbele yangu akaniwahi. "Jamani, msiwanyime watoto. Binti yangu mwaka jana alichomoa kwenye boksi begi jekundu, la magurudumu! Mpaka leo majirani wananiuliza nimelinunua wapi."

"Boksi gani, mama?" nikauliza.

"Kwani wewe mgeni? Zawadi zote zinatiwa kwenye boksi. Mtoto anafumba macho, anachomoa. Riziki yake ndiyo hiyo."

"Na ndiyo shida yenyewe," mwalimu akasema. "Mmoja anatoka na begi, mwenzake anatoka na mche wa sabuni. Mwaka jana aliyepata sabuni hakunyanyuka kwenye dawati mpaka wenzake wote walipoondoka." Alinitazama, kisha akatazama sakafu.

Sikuuliza ni mtoto gani. Nilishika ukingo wa dawati. Mwanangu alikuwa ameliona begi, kweli, likiburutwa na mwenzake.

Nikasema chakula kibaki, zawadi ziondoke. Mwenyekiti akakataa: chakula kikibaki, wazazi wataanza kupimana masufuria. Sherehe yote ibaki au yote iondoke. Anayetaka iondoke anyooshe mkono.

Mzee wa korosho alinyoosha. Mwalimu alinyoosha. Nikaufikiria ule mche wa sabuni, nami nikanyoosha. Tulikuwa wengi.

Nilimkuta mwanangu uwanjani, akinawa kwenye bomba la maji. Alinishika mkono, akauangalia. "Baba, bado una rangi kwenye kucha."

"Sabuni yako ya mwaka jana ingenifaa."

Akacheka kidogo, akashtuka, akaniangalia aone nimejua kiasi gani. "Nilimpa bibi," akasema. "Haikuwa mbaya."

"Nitakununulia begi jingine. Nitakupa mkononi."

"Siku ya sherehe?"

"Sherehe haipo tena. Tumeiondoa."

Aliuachia mkono wangu. Alipangusa mikono yenye maji kwenye sketi, taratibu, kama mtu mzima.

"Mimi begi sikulilia," akasema. "Nililia kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Sasa utakuja siku gani?"

Kengele ikagongwa. Wenzake walipita wakikimbia, naye akabaki amesimama, akingoja nimtajie siku.