Kaburi la Filamu

Jukwaani, kaburi la mfalme lilikuwa mkeka tu. Mwigizaji alilala juu yake, wenzake wakalia, nasi watazamaji tukalia pia. Lakini nilipoigeuza tamthilia ile ya zamani kuwa filamu ya siku hizi, nilijiambia kamera haitadanganyika. Nikataka shimo la kweli. Nikalichimbisha nyumbani Kombewa, ambako mama anaishi peke yake, mimi nikiwa mwanawe wa pekee.

Kichwa maji mimi! Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Likikosa mtu, hujitafutia, na huanzia boma lile lile. Sikuwa nimesahau, nilijifanya msomi.

Mama alirudi kutoka sokoni akatukuta tunapima mwanga. Aliuliza kwa Kiswahili ili wageni wangu wa kamera nao wasikie.

"Hii shimo ni ya nani?"

"Ni ya sinema, Mama."

"Sinema inakufa?"

Alileta kigoda akaketi ukingoni, miguu karibu iingie ndani. Nilidhani amenuna. Tukaendelea kupiga picha, naye hakuondoka, hata chai alikataa. Ndipo jirani yetu, mwanamke wa rika lake, akanivuta kando.

"Anakaa hapo ndio ikitafuta mtu, imuone yeye kwanza. Si wewe."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa, jua likiwa utosini na watu wamenizunguka. Niliwaambia wageni wafungashe vyombo, nikaenda kukata mgomba kwa mikono yangu. Ndivyo inavyofanywa: shina la mgomba huzikwa kwa jina la mtu, aliyetajwa akahesabiwa amezikwa, kaburi likaridhika.

Tuliushusha mgomba. Nilikuwa nimeshaamua kutaja jina la yule mfalme wa tamthilia, mtu ambaye hajawahi kuishi popote. Nilipofungua kinywa, mama akaniwahi. Akataja jina lake mwenyewe, la kuzaliwa, la ubatizo na la baba yangu aliyemwoa, polepole, asije akachanganywa na mwingine. Kisha akatupa konzi ya kwanza ya udongo, akaenda kuinjika ugali.

Sasa nimerudi mjini, Migosi, nahariri filamu. Kila asubuhi nampigia simu mama. Ikiita zaidi ya mara nne, naanza kutafuta viatu.